Majivu Niliyoyakataa Makote

...jicho lote, Lois, limeziba kama halijawahi kuwepo! Picha sikutumii, shoga yangu, usiombe. Nakurekodia hii sauti tu, kwa mdomo uliobaki.

Si unajua leo nimetoka Masasi kupanda huku Newala, Makote, kumsalimia mama yake Optatus kabla hawajaleta barua ya posa? Gauni nimepiga pasi, kucha nyekundu nimepaka juzi saluni, pale Mkomaindo. Shikamoo mama, marahaba mgeni. Namkuta ameshachoma korosho, anabangua. Nikasema na mimi nibangue, aone mkwe huyo. Akanisogezea bakuli la majivu.

"Paka mikononi, mgeni. Mafuta ya ganda yanaunguza."

Nichafue kucha zangu? Nikamjibu, "Usijali mama, mimi nimesomea maabara."

Hata ungo haujajaa, nikajikuna jicho.

Basi uso unaumuka kama andazi, na mimi kwa aibu nikaanza kufundisha. Nikamwambia uvimbe huu ni kazi ya askari wa mwili, chembe nyeupe za damu. Chuoni tulionyeshwa video, sikio la panya aliye hai chini ya hadubini: damu inapita mbio, mara chembe moja inaanza kubingirika ukutani mwa mshipa, inapunguza mwendo, inanata, inajibana mpaka inatokeza nje, penye jeraha.

Mama akauliza huku anabangua, "Na zinajuaje zishike jichoni, zisishike mguuni?"

"Ukuta wa hapo unaota vya kuzishikia, mama. Kwingine unateleza, zinapita tu."

"Kumbe ukuta ndio unaochagua."

"Ndiyo, mama."

Akaniangalia jicho, akaangalia kucha, akarudi kwenye jicho. "Hapa wamepita wasichana," akasema.

Nikajua nimeshateleza, narudi Masasi bila mchumba na uso wa kiboko.

Akaingia ndani. Akatoka na mafuta ya nazi na wembe.

"Jipake. Halafu hizo kucha ukate. Kesho tunamalizia gunia, na majivu utapaka."

Mgeni haambiwi akate kucha, Lois. Nimekata zote, hata za miguu.

Sasa nasikia pikipiki ya Optatus inaingia uani, na hajaambiwa kitu. Ngoja nijifunike kanga. Kesho jicho likiachia nitakwambia kama alinijua, au alinipa shikamoo.