Benchi la Nyuma Lilitangulia

Jumamosi saa tatu asubuhi Mchungaji alikuwa ofisini kwake, akichonga penseli kwa wembe na kukusanya unga wake kwenye kifuniko cha chupa. Makao makuu ya kanisa yalikuwa yamemtaka aandike taarifa juu ya makanisa mapya na mitindo yake, na kwa miezi mitano alikuwa akizunguka mjini na daftari la jalada gumu, akiyachungulia. Ukurasa wa kwanza ulisema: "Kanisa la kwa kinyozi. Wanasali huku wananyolewa. Mwenye upara anafuata nini?" Wa pili: "Kanisa la kwenye simu. Waumini mia tatu na kumi. Wangapi wanasinzia, haijulikani. Kwangu angalau nawaona." Wa tatu: "Kanisa la wakimbiaji. Wanaabudu wakikimbia. Nilitaka kuwauliza nani kawaruhusu, sikuwafikia."

Alikuwa ameanza ukurasa wa nne pale mtunza kanisa alipoingia. Huyu watu walimwita Funguo, kwa sababu ya mzigo wa funguo aliotembea nao kiunoni.

"Mchungaji, benchi la nyuma limetoka."

"Nani kalitoa?"

"Limetoka lenyewe. Nimelifungulia mlango, maana lilikuwa linagonga."

Mchungaji akauliza limeelekea wapi. Funguo akasema limeteremka na barabara ya soko, na pale kwenye kivuko lilisimama likasubiri magari yapite. Halikwenda mbio. Lilikuwa benchi zito, la mbao za zamani, miguu yake mifupi. Mchungaji aliandika: "Benchi namba 24 limeondoka bila ruhusa." Kisha akampa Funguo kazi ya kufagia mahali lilipokuwa.

Benchi namba ishirini na nne lilikuwa la waliotengwa. Muumini akikosea, wazee wa kanisa walikaa kikao, wakampangia miezi, na miezi hiyo yote aliketi nyuma kabisa, karibu na ndoo ya ufagio, bila kukaribia Meza ya Bwana. Muda ukiisha, Mchungaji alimwita mbele na kumwambia, "Umerudi kundini, karibu mezani." Maneno manne. Baada ya hapo watu walimshika mkono na mambo yakaisha.

Mtu wa mwisho kuketi pale alikuwa dada yake Mchungaji mwenyewe, mdogo wake wa kumfuata, ambaye kazi yake ni dobi. Mtoto wake aliugua, hospitali ikamrudisha nyumbani, naye akambeba hadi kwenye hema moja uwanjani, kwa watu wanaoombea wagonjwa huku wakipiga ngoma za mapipa. Wazee walimpa miezi mitatu kwa kusali na wageni. Mtoto alipona, hilo halikuandikwa kwenye kumbukumbu. Jumapili ambayo dobi angerudishwa kundini, Mchungaji alikuwa likizo. Aliporudi, katibu alikuwa ameanza kitabu kipya, na jina la dobi likabaki kwenye kitabu cha zamani. Dobi aliendelea kuketi nyuma akingoja kuitwa. Mchungaji aliendelea kuhubiri akingoja aandike barua ya maombi, kama katiba ya kanisa inavyotaka. Walingojana hivyo miaka tisa. Mwaka wa kumi dobi hakuja tena, na Mchungaji alidhani amehama benchi.

Aliyekuwa na hesabu kamili ya miaka hiyo ni mama yao. Alikuwa na umri wa miaka themanini na minne, na kifua kilichokuwa kinambana kila baridi ikiingia. Alikuwa na haja moja tu, na kila akiletewa chai aliirudia: ashiriki Meza ya Bwana siku moja na wanawe wote wawili kabla hajafumba macho.

"Ni maneno manne, baba," alimwambia Mchungaji. "Wewe kila Jumapili unasema saa nzima."

Mchungaji alimjibu kwamba jambo lina utaratibu wake. Mama akasema chai imepoa.

Basi, Jumamosi iliyofuata likaondoka benchi la ishirini na tatu, na baada yake la ishirini na mbili. Yalitoka kwa zamu, kutoka nyuma kwenda mbele, na yote yalishika njia ile ile. Sasa, kanisani hapo kila familia ilikuwa na benchi lake tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuketi kwenye benchi la mwenzake, hata siku za mazishi. Familia ya fundi saa ilipofika Jumapili na kukuta sakafu tupu, ilisimama pale mpaka wimbo wa pili. Benchi la mbele yao lilikuwa na nafasi ya watu wanne. Hawakulitazama. Walitoka taratibu, wakauliza njiani kama kuna mtu aliyeona benchi likipita, wakaelekezwa kwa dobi. Walilikuta, wakaketi. Jumapili iliyofuata ikawa zamu ya familia ya mwuza vioo.

Mchungaji alipata habari hizo kwa Mzee Kifungu, mzee wa kanisa aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuweza hata kuomba chumvi bila kutaja kifungu cha katiba. Mzee Kifungu alisema huo ni uchochezi. Mabenchi hayana akili ya kupanga jambo kama hilo. Kuna mtu nyuma yake. Mchungaji aliona ni kweli. Alilala akiwaza ni dawa gani dobi anapaka kwenye mbao, au ni sabuni gani anamwaga mlangoni, na kama kuna kanisa la ng'ambo linalomtuma. Kwenye ukurasa wa nne aliandika: "Kanisa la kwa dobi. Mwanzilishi: anajifanya hayupo."

Siku waliyobaki kanisani watu wanne, yaani mama yake, Funguo, Mzee Kifungu na mpiga kinanda, ambaye alikuwa na stuli yake mwenyewe, Mchungaji alifupisha mahubiri, akavua joho, akachukua daftari na kwenda kujionea.

Duka la dobi lilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, mabeseni ukutani na kamba zilizovutwa kutoka pembe hadi pembe. Dobi alifulia nyumba za wageni, na mashuka yao yalitakiwa Jumapili jioni bila kukosa. Mabenchi yalikuwa yamejipanga safu mbili, yakiacha njia katikati kama kanisani, isipokuwa hapa njiani kulikuwa na mashuka. Watu waliketi kila mmoja kwenye benchi la kwao, wakikunja foronya. Mmoja alikuwa akieleza jinsi wiki yake ilivyokwenda; wengine walisikiliza, na alipomaliza waliimba ubeti mmoja, wakaendelea kukunja. Hakuna aliyesali kwa kirefu, maana pasi ilikuwa motoni.

Mchungaji aliuliza kiongozi ni nani. Fundi saa akasema hawana. Akauliza nani anahubiri. Mwuza vioo akasema bado hawajafika huko, mashuka ni mengi. Akauliza nani aliwaita. Wakatazamana, wakasema wamefuata mabenchi.

"Na mabenchi nani aliyaita?" Mchungaji akamgeukia dada yake.

"Sikuyaita, Mchungaji," dobi alisema. Tangu atengwe hakuwahi tena kumwita kaka. "La kwanza lilipokuja nilidhani limeletwa lioshwe. Nikaliosha. Halikuondoka."

"Hukushangaa?"

"Nilikuwa na mashuka sabini."

Nafasi ilikuwa kwenye benchi moja tu, namba ishirini na nne, lililojiweka karibu na meza ya pasi penye joto. Mchungaji aliketi. Hakuwahi kuliketia katika miaka yote ya utumishi wake. Akatelezea upande mmoja, akapapasa kwa mkono, akakuta kwenye ncha ya kushoto mbao imelika na kuwa na kishimo laini, kipana sawasawa na mtu mmoja mwembamba. Alikitazama kwa muda. Kisha akaandika: "Benchi 24 limelika upande mmoja. Lipigwe msasa."

Dobi alikuja na shuka kubwa, akamkabidhi ncha mbili bila kumwuliza. Shuka la kitanda cha watu wawili halikunjwi na mtu mmoja. Walisimama mbali, wakalinyoosha, wakasogeleana mpaka ncha zikakutana na mikono ikagusana, wakarudi nyuma tena. Walikuwa wakifanya hivyo utotoni, kwenye ua wa mama yao, na mikono ya Mchungaji ilikuwa haijasahau. Shuka la kwanza walilikunja hivyo. La pili pia. La tatu, walipokutana katikati, maneno yote manne yalimpanda Mchungaji hadi nyuma ya meno, yamekaa kwa mpangilio, tayari. Dobi aliona. Alishikilia ncha zake, hakuzivuta.

"Sema, kaka," alimwambia kwa sauti ya chini.

Foronya ziliacha kukunjwa. Hata benchi la fundi saa, lililokuwa likitikisa mguu mmoja, lilitulia.

 Mchungaji alifikiria kikao ambacho hakijakaa, barua ambayo haijaandikwa, na Mzee Kifungu. Alifikiria pia kwamba huenda ndio mtego wenyewe, kwamba walimvuta kwa mabenchi ishirini na manne ili aseme maneno hayo mahali pasipo na madhabahu.

"Haya mabenchi yana namba za kanisa," akasema.

"Najua, Mchungaji," dobi alisema, akachukua shuka mikononi mwake. "Nayafuta vumbi kila Jumatatu."

Taarifa ilipelekwa makao makuu ikiwa na kurasa thelathini na moja. Ilisifiwa kwa umakini wake. Kanisa likaletewa viti vya plastiki, vyeupe, vyenye mikono, na Mzee Kifungu akasimamia upangaji. Alikumbusha kwamba kwa mujibu wa kifungu cha kumi na saba lazima pawepo mahali pa waliotengwa, hata kama hayupo wa kukaa. Kiti kimoja kikawekwa nyuma peke yake, karibu na ndoo ya ufagio.

Jumapili ya Meza ya Bwana mama alikwenda mbele kwa fimbo yake, akainua viganja, akapokea kipande chake cha mkate. Hakukipeleka mdomoni. Alikifunga kwenye leso safi, akakitia mkobani.

"Mama, unapaswa kukila," Mchungaji alinong'ona.

"Nitakula nikifika," mama alisema. "Tutagawana."

Alitoka kabla ya baraka, akashika barabara ya soko. Mzee Kifungu alikuwa ameona kila kitu. Alimfuata Mchungaji ofisini na kueleza kwamba kutoa mkate nje ni kosa, kwamba kupeleka kwa aliyetengwa ni kosa la pili, na kwamba undugu haujatajwa popote kwenye katiba. Mchungaji alikuna kidevu. Alisema ni mapema mno kumhukumu mama yake. Jambo hilo litazamwe kwanza kwenye kikao.

Mama hakungoja kikao. Jumapili iliyofuata alipita viti vyote vyeupe, akaenda nyuma na kuketi kwenye kile kimoja, mkoba mapajani. Funguo alitaka kumwambia kitu, akaona bora aondoe ndoo.

Mchungaji alikuwa katikati ya matangazo, la pili kati ya matatu, pale kiti kiliponyanyua mguu wa mbele, kikaupima sakafuni, kikageuka. Kilikwenda polepole, kwa kuwa kilibeba mtu mzima, na kwenye kizingiti kiliinama kidogo ili asitingishike. Mikono ya kiti ilikuwa mipana kuliko upande wa mlango uliokuwa wazi, hivyo Funguo akafungua bawa la pili. Mama aliweka mtandio wake vizuri. Hakugeuka, ila alipofika nje alisikika akimshukuru Funguo na kumwuliza kama mkewe ameshapona jino.

Mpiga kinanda aliwafuata kwa macho mpaka walipovuka barabara. Walisubiri magari yapite.

Mchungaji alingoja hadi miguu ya plastiki isisikike tena kwenye lami. Kisha akasoma tangazo la tatu: kwamba waliotengwa wanaopenda kurudi kundini wanakumbushwa kuandika barua. Mzee Kifungu akaitikia amina. Mchungaji akakunja karatasi, akairudisha ndani ya Biblia, na akamwomba Funguo alete kiti kingine kutoka stoo, akiweke nyuma.