Dole Gumba la Paschal

Jumanne saa tatu asubuhi wazee wa baraza walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya ghala la pamba, katika kijiji kimoja upande wa Dutwa. Esteria, mjane wa Paschal, alikaa chini kwenye kanga. Shamba la eka nne alilolilima miaka kumi na tisa lilikuwa linamponyoka. Shemeji yake, Ndalahwa, alikuwa analidai kwa karatasi iliyopigwa dole gumba la marehemu.

Mwenyekiti alikuwa hajamaliza kuisoma karatasi hiyo, dundu wakashuka. Ni wale wadogo weusi wa kwenye mavi ya ng'ombe, wanaokula kilichooza na kuacha kilicho hai. Walitua kwenye karatasi, wakayapita maandishi yote, wakala lile dole tu. Lilibaki tundu.

"Hawa hawagusi kitu kizima," alisema mzee Joakim, mfugaji. "Hilo dole lilikuwa limeshakufa."

Esteria alisimama. "Nilipomshikisha rozari kwenye jeneza, kidole kilikuwa na wino. Nikamuuliza shemeji, akasema ni rangi ya kuwekea ng'ombe alama. Mume wangu alikuwa kitandani miezi mitatu. Ng'ombe gani?"

Wazee walijua, na hilo ndilo linalotia hasira: walijua huku wameshiba nyama ya dume alilowachinjia Ndalahwa Jumapili.

"Mayu, mama yetu, tumekusikia," alisema mwenyekiti. "Lakini dole lilikuwepo, sote tumeliona. Baraza halihukumu kwa ushahidi wa wadudu."

Akamwomba Ndalahwa nakala nyingine. Anayo, bila shaka. Siku ile ya kifo alipiga tano, mkono wa marehemu ukiwa bado haujakakamaa. Dundu wakaila na hiyo palepale. Ya tatu ilipulizwa kwanza dawa ya pamba, ikagongwa muhuri ikiwa bado imelowa. Dundu walizunguka juu yake kidogo, kisha wakaanguka mmoja mmoja mezani, na mwenyekiti akawafagia kwa kiganja.

Novemba Ndalahwa alipanda pamba kwenye eka zote nne. Esteria yuko Lalago kwa dada yake, anapalilia mashamba ya watu.

Kopo la dawa sasa linakaa kwenye meza ya baraza, pembeni ya muhuri. Alhamisi iliyofuata Jumanne ile, ilipoitwa kesi ya Kwandu, mjane mwingine, katibu aliipulizia dawa karatasi kabla haijafunguliwa.