Jicho Juu ya Krotoni

Jani la kwanza lilianguka mbele ya mashahidi. Lilikuwa jani la krotoni, jani la heshima, lenye mishipa ya manjano na kingo nyekundu kama pilipili iliyoiva, na lilitua juu ya zulia la sebuleni bila kusukumwa na mtu. Eeddo Habibo aliliokota kwa vidole viwili, akaligeuza huku na huku, kisha akamtazama mpwa wake.

"Naa Idil! Umefanya nini?"

"Mimi? Mimi nakunywa chai, Eeddo."

"Ndiyo maana nauliza. Wewe ukitulia ukanywa chai, kuna jambo."

Haki isemwe: shangazi alikuwa na sababu zake. Likizo iliyotangulia, wazee walipokuja kuzungumza na baba yake Idil habari za kisima, sukari bakulini iligeuka chumvi, na wazee wale, kwa adabu waliyolelewa nayo, wakanywa chai mpaka tone la mwisho. Mwenye muujiza ule alijulikana kabla vikombe havijaoshwa. Tangu siku hiyo, chochote kilichoharibika katika nyumba ya baba yake, Ahmednoor, kilikuwa cha Idil mpaka ithibitike vingine. Redio ikikwaruza, Idil. Mbuzi akigoma kukamuliwa, Idil aitwe aeleze. Hata jina lilipungua. Kwa desturi ya Wasomali, shangazi huitwa eeddo, naye akiwa na furaha humwita mpwa wake eeddo vilevile. Baada ya ile chumvi, Idil hakuitwa tena eeddo. Alikuwa "naa", kama anavyoitwa mwanamke wa mbali anayekanyaga mahindi ya watu.

Na krotoni haikuwa kitu cha kuchezewa. Mwaka ule wa 1996 Garissa ilikuwa na jua, vumbi na mbuzi, na hakuna kilichopungua. Eeddo aliutoa mmea wake Mombasa, mizizi imefungwa kwenye gunia lililoloweshwa, akaupakata ndani ya basi safari nzima kama mtoto mchanga. Nje usingemaliza asubuhi moja, maana mbuzi wa Garissa hula hata gazeti la jana. Basi ukaketishwa sebuleni, karibu na dirisha, ndani ya debe la mafuta lililopakwa rangi ya samawati, na wanawake wa mtaa wakawa wanakuja kuutazama kama wanavyokuja kumtazama bi harusi.

Sasa bi harusi alikuwa akinyonyoka. Lilianguka jani la pili, yakafuata mengine. Siku moja wakiwa kwenye chakula, Eeddo alimgeukia mdogo wake Ahmednoor bila kushusha sauti.

"Shule ya bweni inamfundisha binti yako husuda. Mama yake yuko Mandera anamuuguza nyanya yake, mzigo ni wangu. Walaahi, krotoni hii ikifa, huyu harudi shule. Ataenda Kotile kwa ami yake, akachunge mbuzi. Huko hakuna maua ya kuharibu."

Ahmednoor alikuwa mtu wa maneno machache, na dada yake mkubwa alimsaidia kwa kuyatumia yale aliyoyabakisha. Alitafuna, akameza.

"Sawa," alisema. "Ikifa."

Idil alilirudisha tonge sahanini. Alikuwa amelalamikia maharagwe ya shule, kengele ya shule na baridi ya bafu za shule, lakini hakuwahi kuomba aepushwe navyo. Aliitazama krotoni pale dirishani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwombea mtu mwingine—yaani mmea—afya njema.

Kisha akafungua uchunguzi.

Ujuzi alikuwa nao. Shuleni kwao krotoni zilizunguka ofisi ya mwalimu mkuu, na msichana aliyepatikana na kosa alipewa kitambaa na ndoo: futa vumbi jani kwa jani, mwagilia udongo ukikauka juu, zoa yaliyoanguka. Idil alikuwa amefuta majani mengi kuliko mtunza bustani mwenyewe. Tatizo ni kwamba nyumbani alikuwa ameripoti muhula wa mwenendo mwema usio na doa. Akifungua mdomo kuhusu krotoni, swali la pili lingekuwa, "Umejuaje?", na jibu la swali hilo pia lilikuwa na njia ya kwenda Kotile.

Basi alichunguza kimya. Mwanga ulitosha. Udongo ulikuwa na unyevu. Debe lilitobolewa vizuri chini. Palibaki mtu, na mtu huyo, kwa maoni ya mchunguzi, alikuwa Raho.

Raho alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri, akaitazama krotoni muda mrefu, akaishika, na hakuwahi kusema "mashallah", neno ambalo kila mwenye nia safi hulisema akiona kizuri cha mwenzake. Siku iliyofuata Idil alijibanza nyuma ya pazia kabla Raho hajafika.

"Habibo!" Raho alianza hata kabla ya kuketi. "Ua lako limenyoa?"

"Halijanyoa. Linapumzika."

"Kwangu lingekuwa limejaa."

"Kwako kuna mbuzi mpaka kitandani, Raho. Kunywa chai."

Raho alikunywa, akalibonyeza jani moja kwa kidole gumba, akaaga. Idil alilitolea macho jani lile. Halikuanguka. Halikutikisika hata. Mchunguzi alihuzunika, kwa sababu alikuwa tayari amempenda mshukiwa wake.

Ndipo Eeddo aliposimama. Alichungulia mlangoni kuhakikisha Raho ameshapinda kona, akaenda jikoni, akarudi na chetezo kimejaa makaa mekundu. Akayanyunyizia uunsi, ule udi mtamu ambao hakuna nyumba ya Garissa isiyoufukiza, akakisukuma chetezo chini kabisa ya matawi ya krotoni. Kisha akavua shali yake, akaufunika mmea wote pamoja na chetezo, vile wanawake wanavyofukiza nguo za sikukuu, akaanza kusoma dua ya kuvunja jicho la husuda. Moshi ulipenya kwenye shali. Dirisha lilipata ukungu. Alipoifunua, majani matatu yalidondoka kwa pamoja.

"Mnaona?" Eeddo aliiuliza sebule tupu. "Jicho la Raho linashindana na uunsi!" Akaongeza udi.

Nyuma ya pazia, Idil aliikumbuka krotoni moja ya shuleni, iliyowekwa karibu na dohani ya jiko. Ilibaki fimbo tupu mpaka ilipohamishwa, na aliyeyazoa majani yake yote alikuwa yeye. Sasa alimjua mkosaji, na mkosaji alikuwa hakimu.

Kisha akapiga chafya.

"Toka!"

Alitoka.

"Leo nimekushika! Unajificha, unalitazama ua langu likifa!"

Kumwambia Eeddo Habibo kwamba uunsi wake unaua ilikuwa kama kumwambia imamu kwamba anasoma kwa pua. Idil alivuta pumzi, akavaa uso wa siku ya mahafali.

"Nilikuwa nalinda, Eeddo. Jicho huingia wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Mlangoni. Sasa fisi akija, mlinzi anasimama langoni, au anajifunika shuka moja na mbuzi?"

Eeddo alifikiri. Alimshuku fisi, akamshuku mlinzi, akamshuku Idil zaidi ya wote.

"Endelea."

"Chetezo kikae mlangoni. Kila mgeni apite kwenye moshi, jicho life hapohapo. Huku ndani ua lifutwe kwa kitambaa chenye maji, jani kwa jani, kwa bismillah."

"Nani kakufundisha haya?"

"Shuleni."

"Shuleni mnafundishwa jicho?"

"Tunafundishwa kufuta."

Ilikuwa kweli tupu, ingawa haikuwa kweli yote.

"Utafuta wewe," Eeddo alisema. "Na mimi nitaketi hapa nikikutazama."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi Idil alifuta chini ya ulinzi, na kila jioni chetezo kiliwaka mlangoni. Raho alipita akilia machozi. Mzee mmoja wa ile chai ya chumvi aliuliza kwa upole kama nyumba inaungua. Eeddo aliwapima wote: aliyekohoa sana ndiye mwenye jicho kubwa. Ahmednoor alikohoa ndani ya nyumba yake mwenyewe, naye akawekwa miongoni mwa washukiwa.

Majani yaliacha kuanguka. Likizo ilipokaribia mwisho, palichomoza jani jipya kileleni, la kijani kitupu.

"Hili halina rangi," Eeddo alisema, macho yakiwa madogo. "Nani kalifanya nini?"

"Ni changa. Rangi yake itakuja na mwanga."

"Umejuaje?"

Idil alifuta jani ambalo tayari lilikuwa safi. Eeddo aliondoka kuelekea chumbani. Juu ya kabati kulisikika mkwaruzo. Alirudi na sanduku la bati la Idil la shule, akalipangusa vumbi, akalifungua, akakiweka chetezo ndani yake na kulifunika kwa shali.

"Bweni limejaa wasichana wenye macho," alisema. "Lishike hapo, eeddo, moshi usitoke."

Idil alilishika.

"Na sukari ya watu huko," Eeddo aliongeza, "usiiguse."