Futi Iliyosingiziwa

Sheria ya nyumba yetu niliitunga mimi mwenyewe, nikaisoma mezani mbele ya watu wote, tena mara mbili, ili asitokee wa kusema kwamba hakusikia: yeyote atakayemwuliza mjukuu wangu habari za tumbo lake ataosha vyombo vya nyumba nzima kwa siku saba, masufuria yaliyoungua yakiwemo.

Haikuwa sheria ya bure. Mjukuu wangu ni fundi wa nguo, na cherehani zake mbili zimewekwa katika chumba cha mbele, chini ya dirisha. Wakati ule alikuwa ametoka hospitali wiki tatu tu. Alitobolewa matundu matatu madogo tumboni, akasafishwa maradhi yaitwayo endometriosisi. Daktari wake, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alitueleza kwamba nyama laini inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba ilikuwa imeota nje yake, ikagandisha pamoja vitu visivyopaswa kugusana. Kila mwezi ilivimba na kutoa damu, na damu hiyo haikuwa na mlango wa kutokea.

"Mimba inawezekana," alisema. "Wengi wenye maradhi haya huzaa. Lakini siahidi, na maradhi yenyewe huweza kurudi. Jaribuni miezi sita. Isipotunga, njooni tuzungumze habari ya kuitungisha maabara. Msikae mkangoja miaka." Akaandika tarehe ya kurudi juu ya kadi.

Miaka ilikwisha kungojwa. Mjukuu wangu alikuwa na mwaka wa nne katika ndoa, na kila mwezi alitumaini kisha akazika tumaini lake kimyakimya. Wiki ya tatu nyumbani aliniambia, "Bibi, maumivu nimeyazoea. Macho ya watu ndiyo sijayazoea. Mtu ananisalimia tumboni kabla hajanisalimia usoni."

Ndipo nilipotunga sheria.

Wa kwanza kuivunja alikuwa shangazi yake, yaani binti yangu, ambaye mdomo wake ulifunguka siku alipozaliwa na haujapata kufungwa. Siku ya nne alimsogelea mjukuu wangu na kumnong'oneza, "Vipi huko, hakuna habari?"

"Habari za wapi?" nikauliza kutoka mlangoni.

"Za... mvua, mama. Naona mawingu."

"Sinki liko kule. Utayaona vizuri zaidi dirishani."

Mume wa mjukuu wangu, kwa upande wake, aliitii sheria kupita kiasi. Yeye ni fundi wa baiskeli, naye ni mwembamba hata wateja wake humwita Spoku. Alifika mahali pa kuogopa kumwuliza mkewe kama ameshiba, kwa kuwa shibe nayo hukaa tumboni.

Miezi minne ikapita hivyo, bila swali na bila jibu. Katika mwezi wa tano ikaja kazi ya gauni la harusi. Bibi harusi alikuwa rafiki wa mjukuu wangu tangu shuleni, mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa mji wa mbali. Wawili hao waliazimana sare miaka yote ya masomo, na vipimo vyao havijapata kuachana.

"Usihangaike kunipima," alisema katika simu. "Jipime mwenyewe, tutakuwa sawa tu."

Mjukuu wangu akajipima. Kiuno kilikuwa inchi ishirini na nane. Akaongeza nusu inchi ya kupumulia, akakata. Alipolijaribu mwilini mwake kwa mara ya kwanza, gauni lilimkaa kama ganda la yai. Wiki mbili baadaye, alipokwisha kutia mikono, zipu ilipanda kwa kusihiwa. Baada ya wiki mbili nyingine ilifika nusu ya mgongo, ikagoma.

Kwanza alilaumu uzi. Akaufumua mshono wa ubavuni, akaurudia kwa uzi mwingine. Zipu ikagoma pale pale. Kisha akailaumu pasi, kwamba mvuke umekifanya kitambaa kijikunje. Mwisho lawama ikaiangukia futi, ile futi ya kitambaa aliyoirithi kwangu, iliyofifia namba kwa kuvaliwa shingoni.

"Imezeeka hii," alisema huku akiipungia dirishani kama mshtakiwa. "Imevutika. Imenidanganya tangu siku ya kwanza, na harusi ni mwezi ujao."

Nilikuwa nimeketi karibu yake nikishona vifungo. Nilikuwa nimekwisha kuona mambo. Niliona kwamba anasinzia mchana juu ya cherehani. Niliona kwamba chai aliyoipenda sasa anaipitisha kwa mumewe. Lakini sheria ni sheria, na aliyeitunga hana ruhusa ya kuiruka kwa sababu tu ana miguu mirefu.

"Futi iliyovutika," nikamwambia, "hukata nguo kubwa, haikati nguo ndogo. Inchi zake zimekuwa ndefu. Fikiri."

Akafikiri. "Basi imejikunja."

"Lete ile mpya."

Tukazilaza futi mbili mezani, sambamba. Zililingana kuanzia namba ya kwanza hata ya sitini. Nikamwambia apime kiuno cha gauni. Inchi ishirini na nane na nusu. Nikamwambia anipime mimi kiuno. Kikawa kile kile ninachokijua na nisichokitangaza.

"Vema," nikasema. "Futi haina kosa. Gauni halina kosa. Pasi na uzi tumekwisha kuviachilia huru. Katika chumba hiki kimebaki nini?"

Mjukuu wangu aliinua macho polepole. "Bibi, unaniuliza habari za tumbo?"

"Siulizi. Nahesabu vyombo vya kazi."

"Sheria ni yako mwenyewe."

"Ndiyo maana nahesabu."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. Aliketi juu ya kigoda akiwa na gauni mapajani. "Ni ule uvimbe tu, bibi. Unajua tumbo langu hujaa kila mwezi ukikaribia. Na mwezi uliopita nilipata siku zangu, japo zilikuwa matone ya siku mbili. Usinitie tumaini. Baada ya siku tisa narudi kwa daktari, na nimekwisha kujiandaa kuambiwa la maabara. Nikianza kutumaini sasa, nitafika pale nikiwa nimevunjika."

Nilijua deni langu. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na minne, akijikunja sakafuni kila mwezi, nilimwambia kwamba kila mwanamke huumwa na kwamba atazoea. Nilimpa maji ya moto na mawaidha, nikamrudisha shuleni. Katika miaka yote hiyo nilimwagiza mengi, lakini swali moja dogo sikumwuliza, na daktari yule mfupi alimwuliza kabla hajaketi.

Nikaweka sindano mezani.

"Linauma?"

Alinitazama kana kwamba hanijui. "Bibi. Umevunja sheria."

"Nimeivunja. Linauma?"

Akaweka kiganja tumboni, akasikiliza kama mtu anayesikiliza mlango unaogongwa kwa mbali. Uvimbe wa maradhi yake haukupata kuja peke yake. Daima ulifuatana na maumivu, kama mbwa na mkia wake.

"Haliumi," akasema. Kisha tena, kwa sauti ndogo, "Bibi, wiki hizi zote halijauma."

Nikatoka hadi uani, Spoku alikokuwa akinyoosha gurudumu, nikamwagiza aende duka la dawa kununua kipimo.

"Kipimo cha nini?" akauliza, kisha akajishika mdomo. "Hapana, bibi, sijauliza. Nina baiskeli sita zinaningoja, masufuria siyawezi."

"Mwambie mwuzaji kwamba umetumwa na mama wa nyumba. Ataona uso wako, ataelewa."

Akarudi akihema, amesahau chenji na kofia yake. Mjukuu wangu akaingia bafuni. Tulingoja mlangoni sote watatu, Shangazi akiwa ameuma upande wa kanga ili asiseme neno. Nami nakiri kwamba sijapata kumwona akijitesa kiasi kile. Mlango ukafunguka. Mistari ilikuwa miwili.

Spoku akaketi sakafuni pale pale, akaikumbatia miguu ya mkewe.

Siku tisa hatukuzingoja. Tulikwenda hospitali kesho yake. Daktari akatazama katika kioo cha mashine yake, akakigeuza ili nasi tuone kitu kidogo kikipwita kwa haraka, kama sindano ya cherehani inayokimbia.

"Wiki ya nane na siku kadhaa," alisema. "Mlikuwa mje kuzungumza habari ya maabara?"

"Tulikuwa tuje, daktari," mjukuu wangu akajibu huku machozi yakimwingia masikioni.

"Basi leo sina cha kuzungumza." Hata hivyo alizungumza: kwamba ni mapema bado, kwamba atamtazama kila baada ya wiki mbili, na kwamba akiona damu au akipata maumivu aje mara moja, asingoje wala asivumilie. Aliposema neno la mwisho alinitazama mimi. Nililistahili.

Likabaki gauni, ambalo sasa halikuwa na kiuno cha kulijaribia. Tuliwapima wote waliokuwemo nyumbani. Shangazi hakupita hata mabegani. Mwenye inchi ishirini na nane alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na mafuta ya mnyororo kuchani. Akaoshwa mikono, akajazwa vitambaa kifuani, akasimamishwa juu ya meza.

"Simama wima, bibi harusi," mkewe akamwambia, pini zikiwa mdomoni.

"Likinipendeza sitalivua."

Mimi niliyasikia hayo nikiwa jikoni, mikono ndani ya povu hata viwiko, nikitumikia kifungo changu. Shangazi aliniletea sufuria lililoungua, na ninashuku kwamba aliliunguza kwa makusudi.

Siku ya saba mjukuu wangu alikuja akaegemea mlango wa jikoni.

"Bibi, tangu siku ile hujaniuliza tena."

"Nikiuliza nitaongezewa siku saba."

"Vyombo vyenyewe vichache."

Nikafuta mikono, nikamgeukia, nikamwuliza.

"Haliumi, bibi," akasema. "Lina njaa."