Yungiyungi la Julai

Rangi ya akriliki hukauka upesi, na ndiyo sababu Mwalimu Liberatus aliipenda. Ukikosea asubuhi, mchana unapaka juu yake na kosa halionekani tena. Kwa mtu anayepanga hata chaki zake kwa urefu, hiyo ilikuwa faraja.

Lakini yungiyungi hili hakulikosea. Lilikaa katikati ya turubai, petali zake za zambarau zimefunguka juu ya maji ya kijani, na chini yake aliandika kwa herufi nadhifu: Julai. Katika kalenda ya maua ya miezi ya kuzaliwa, aliyoiona mtandaoni, Julai ilipewa yungiyungi. Na kadi ya kliniki ya mkewe ilisema Julai. Alilimaliza katikati ya Juni, nyumbani kwake karibu na Kalenga, akalipiga picha kwa simu na kumtumia Lea, aliyekuwa kwa mama yake Iyunga, Mbeya, akisubiri kujifungua.

Aliyejibu ni mama mkwe, tena kwa kupiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hilo ua ni la nani?"

"La mtoto, mama. La mwezi wake."

"Mtoto yupi? Wewe umemwona?"

Liberatus alicheka kidogo. Mama mkwe hakucheka.

"Kwetu mgeni hatumtandikii kitanda kabla hajabisha hodi. Mara ya kwanza mlijaza nguo kabatini. Zikavaliwa na nani? Lifute, baba. Nakuomba."

Mimba ile ya kwanza ilitoka mwaka juzi, na kabati lile halikufunguliwa tena. Ndiyo maana Liberatus alichora. Kungoja kulimtafuna, naye alitaka walau kitu kimoja cha safari hii kiwe kimekamilika.

Jioni Lea alipiga mwenyewe. "Tangu niione hiyo picha silali. Najua utasema ni imani za wazee. Sema, halafu ufute."

"Nitafuta."

Hakufuta. Kila aliposhika brashi alijiona kama mtu anayekiri kwamba ua linaweza kumdhuru mtoto. Wiki iliyofuata Lea aliuliza tena, naye, akiwa katika ofisi ya walimu, akajibu, "Nimeshafuta. Imebaki nyeupe tupu."

Alimsikia mkewe akishusha pumzi. "Asante, mume wangu. Leo nitalala."

Mwalimu Ng'washi, binti wa wafugaji wa Usangu, alikuwa mezani pake akisahihisha Hisabati. Asubuhi hiyo alikuwa amepita nyumbani kwa Liberatus kuomba chumvi.

"Mwalimu, lile yungiyungi limefutwa saa ngapi? Nilipopita lilikuwa bado linanikodolea macho."

"Ni kwa ajili ya amani yake."

"Amani gani ya kuazima hiyo? Kwetu maua hayo ng'ombe anayakanyaga wala hageuki nyuma, siyaogopi hata kidogo. Ila kumdanganya mwenye mimba? Hapo sikuwezi."

Jumamosi ya mwisho ya Juni simu iliita kabla hajanywa chai. Lea alikuwa hospitali tangu jana jioni. Siku zilikuwa bado, uchungu ulianza, kisha ukapoa. Nafasi aliyoipata kwenye basi la kwenda Mbeya ilikuwa ya mchana.

Alipanga begi, akalipangua, akalipanga tena. Akafagia baraza iliyokwisha kufagiwa. Kila alipopita sebuleni, yungiyungi lilikuwa wazi, linang'aa. Hata sasa hakuamini kwamba linaweza kumzuia mtoto. Kilichomchoma ni kingine: mkewe alikuwa amelala kule akiyaegemea maneno yake, na maneno hayo hayakuwa na kitu ndani.

Akafungua kopo la rangi nyeupe, akachukua brashi pana. Lilianza kuondoka neno Julai, kisha maji. Petali zilikataa kufunikwa mpaka alipozipaka mara ya pili. Matone yaliangukia sakafuni, naye hakuyapangusa.

Rangi ilikuwa inakauka mama mkwe alipopiga simu.

"Baba! Msichana! Analia kama king'ora!"

"Na Lea?"

"Mzima, anataka uji. Ndaga fijo, Mungu asante!"

Liberatus aliketi palepale sakafuni, juu ya matone. "Mama, ile picha nimeifuta leo. Asubuhi hii. Lea nilimdanganya."

Upande wa pili wa simu kichanga kililia.

"Leo asubuhi?"

"Leo, mama."

"Kumbe mjukuu wangu alisimama mlangoni anamngoja baba yake amalize kupaka rangi!" Alicheka hadi akakohoa, kisha sauti ikashuka. "Mimi simwambii. Utamwambia wewe, ukiwa umemshika mkono."

"Nitamwambia."

"Sasa chora. Amefika. Juni ina ua gani?"

"Waridi, mama."

Alitafuta rangi nyekundu. Kichupa kilikuwa kimekamuliwa hadi shingoni; manunuzi yake yote yalikuwa ya zambarau na kijani. Akapitisha kidole juu ya ule weupe na kuhisi kingo za petali, bado zimeinuka chini yake. Akaifunga turubai ndani ya shuka, akaitia kwapani, akatoka kwenda kituoni, njia nzima akijaribu sentensi ya kwanza atakayomwambia Lea na kuiacha, akijaribu nyingine na kuiacha.