Mayai Yanayojigeuza

Mama Vifaranga hakupewa jina hilo kwa kejeli. Chumba cha nyuma cha nyumba yake kilikuwa na mashine ya kutotolesha, kubwa kama kabati la nguo, imejaa trei za mayai kutoka juu hadi chini, na kila jirani aliyefuga kuku alianzia kwake. Kazi aliipenda, ila ilimfunga miguu. Mayai yasipogeuzwa mara kwa mara, kifaranga hunata kwenye ganda akafia humo. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akiyageuza peke yake kwa mkono, usiku na mchana, na popote alipokwenda alikaa upande upande kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Siku moja alipita kumjulia hali, akamkuta amesinzia na tonge mkononi. Hakumcheka, ingawa kwa utani wao angeweza. Alikwenda zake, na baada ya muda akarudi na kompyuta ya mezani, mota ya kuinamisha trei, na programu aliyoiandika mwenyewe. Alimweleza kwamba ndani yake mna taima: kila saa inaiamuru mota igeuze mayai, na kila dakika inasoma joto, likizidi inapunguza, likipungua inaongeza. Yote hayo chinichini, huku yeye akiendelea na mambo yake kwenye kioo cha kompyuta.

Mambo yalinyooka mpaka siku aliyokuwa akichapisha lebo za maboksi kwa programu ileile. Printa iliishiwa karatasi, kioo kikaganda. Alidhani kitajizindua chenyewe, akaenda kufua. Aliporudi alikuta chumba kina fukuto, kipimajoto cha ukutani kimepanda, na trei ziko vilevile alivyoziacha. Akafungua milango ya mashine, akapepea kwa kifuniko cha boksi, akageuza trei moja baada ya nyingine huku akimsema shemeji kimoyomoyo. Mayai mengi yalipona. Machache hayakupona.

Shemeji alifika siku hiyohiyo, na hakuisingizia printa. Alikiri kwamba taima aliiweka kwenye foleni moja na vitufe na lebo, kwa hiyo kilichokwama mbele kilizuia kila kilichokuwa nyuma. Ni sawa na mhudumu mmoja kupokea wageni na kupika pia: mgeni akimshika maneno, chakula kinaungua. Akaketi mpaka akaitenga kazi ya mayai, ikapata njia yake yenyewe. Kisha akaongeza jambo jingine: usomaji mmoja wa joto ukichelewa, unaofuata usianze kabla ule haujaisha, kazi zisije zikarundikana. Alipomaliza aliichomoa karatasi yote kwenye printa kwa makusudi, akaamuru lebo zichapwe. Kioo kikaganda tena. Wakangoja, mama wa watu kashika kiuno. Saa ilipotimia mota ikanguruma, trei zikainama taratibu.

"Sasa nenda kwa mama yako," shemeji alisema.

Mama yake mzazi alikuwa karibu kupasuliwa macho, na dada mkubwa ndiye aliyekuwa akimshughulikia. Mama Vifaranga alikuwa hajalala kwa mamake tangu msiba. Akatafuta visingizio. Umeme ukikatika? Betri ipo. Na nani atakaa na mashine? Shemeji alisema atakaa yeye, maana kazi yake ni kompyuta na kompyuta hii hapa. Visingizio vikamwishia, akafunga begi.

Bandeji ya macho ilipotolewa hospitalini, Mama Vifaranga alikuwa ameketi kitandani, kamshika mama yake mkono. Bibi yule alipepesa macho, akamkazia muda mrefu.

"Nani kakuzeesha hivi, mwanangu?"

Wakacheka wote wawili, machozi yakiwatoka, nesi akimkataza mgonjwa kujifuta.

Baadaye alikwenda kwenye korido akampigia shemeji. Yeye akapokea kwa wasiwasi, akawahi kusema kwamba huko ni shwari, trei zimetoka kugeuka sasa hivi.

"Sikupiga kuulizia mayai," Mama Vifaranga alisema. "Mama ameniona. Nilikuwepo alipofumbua macho. Wewe ndiye uliyenifikisha hapa, shemeji, nami sijawahi hata kukuambia asante."

Shemeji, ambaye utani haukumpungukia, alisema tu kwamba kaka yake angefurahi, na kwamba asiharakishe kurudi.

Hakuharakisha. Vifaranga walianguliwa yeye hayupo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, na shemeji akamtumia picha: wawili wamepanda juu ya kibodi, mmoja kasimama kwenye kitufe kirefu kama mwenye nyumba. Alimwonyesha mama yake. Mama aliitazama, akairudisha, kisha akaomba aione tena, karibu zaidi, na safari hii akaishika simu mwenyewe.