Mguu wa Kushoto

Siku Mama Mdogo alipoacha ukunga, binti alikuwa maabara ameinamia hadubini. Karani wa kituo cha afya alichungulia mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu aliyebeba habari ya msiba, "Mama yako ameleta barua. Anaondoka. Leo hii hii."

Binti alicheka kwanza. Kumwambia kwamba Mama Mdogo anaondoka pale ilikuwa kama kumwambia kwamba paa limejiuzulu. Mwanamke yule alikuwa amekaa wodi ya wazazi miaka ishirini na mbili. Nusu ya vijana wa mtaa walipita kwake kabla ya kufika vifuani mwa mama zao, ndiyo maana watu walimwita Mikono, na jina lake la kwenye vyeti likabaki huko huko kwenye vyeti.

Alimkuta akitoa vitu vyake kabatini: viatu vya mpira, aproni, kikombe cha bati.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuishi," alisema Mama Mdogo, na uso wake uling'aa kwa namna ambayo binti hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

Sababu alizieleza njiani. Mgongo ulikuwa umechoka. Cheo cha mkuu wa wodi kilikuwa kimempita mara tatu, na mara ya tatu alipewa msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kukata kitovu. Kisha akatokea mwanafunzi wake mmoja wa zamani, akampeleka kwenye mkutano wa watu wanaouza unga wa kijani wa lishe, wakamsimamisha mbele na kutaja miaka yake ya kazi, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

"Ukumbi mzima, mwanangu. Pale wodini, tangu nianze, nani alinipigia makofi?"

Binti alimpokea kile kikombe cha bati. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka tisa, na tangu siku ile alikuwa amekula, amevaa na amesoma kwa jasho la mwanamke huyu, mdogo wa marehemu, hadi akawa mtaalamu wa maabara katika kituo kile kile. Hata yeye hakuwahi kumpigia makofi.

Baada ya wiki mbili, sebule ilikuwa imejaa maboksi mpaka televisheni ikawa inatazamwa kwa upande. Makopo ya unga yalipangwa chini ya meza, juu ya kabati, nyuma ya mlango. Jumapili moja Mama Mdogo aligeuza kalenda ya zamani, akachora duara juu na maduara mawili chini yake.

"Huyu wa juu ni mimi. Kila mtu anatakiwa awe na miguu miwili. Watu unaowaingiza wewe wanakuwa miguu yako, na wao wanaota miguu yao, mpaka ukoo mzima unatembea. Umeelewa? Sasa mguu wangu wa kushoto ni wewe. Nimeshakuandikisha."

"Umeshaniandikisha?"

"Wa kulia nitautafuta mtaani."

"Na nikikataa, Mama?"

Mama Mdogo alimtazama kwa upole, ule upole wake wa wodini uliowafanya wanawake wenye uchungu wanyamaze. "Ukikataa nitachechemea, mwanangu. Basi."

Nani angemwacha achechemee? Binti alinyamaza, na kunyamaza kule kukahesabiwa kuwa ndiyo.

Jumamosi iliyofuata, mchana, alijikuta kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki na spika zilizokoroma. Aliyeendesha mkutano alikuwa kijana mtanashati aliyefika ngazi iitwayo Almasi, na hilo ndilo jina pekee aliloliitikia. Mama Mdogo alikuwa amemwomba binti avae koti lake jeupe la maabara. "Kwa usafi tu," alisema, kana kwamba ukumbini kulikuwa na damu ya kupima.

Walipomwita mbele, binti alisema sentensi moja, aliyoipima usiku kucha ili isiwe uongo: "Mimi nafanya kazi maabara, na mimi natumia."

Ni kweli alikuwa ametumia. Vijiko viwili, jikoni, vikamkwama kooni kama nyasi zilizotwangwa. Lakini ukumbi uliruka juu. Makofi yalimpiga kifuani, na kwa dakika moja, aibu tupu, aliyapenda. Safu ya tatu alimwona mama fundi, jirani yao mshonaji, akipiga makofi huku pini zimechomekwa kwenye kola ya blauzi yake.

Sampuli ya mama fundi ililetwa maabara siku ya Jumanne, miezi miwili baadaye. Binti aliweka damu kwenye mashine, akangoja, akasoma. Sukari ishirini na tisa. Alidhani mashine imeharibika. Akapima tena, akapata ile ile. Mtu mwenye afya ambaye hajala tangu jana huwa kwenye tano hivi.

Alitoka mbio mpaka kwenye benchi la wagonjwa. Mama fundi alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka, mguu mmoja umefungwa kitambaa cha kanga kuukuu.

"Mama, dawa zako za kisukari unakunywa?"

"Nimeziacha. Nipo kwenye kopo."

"Nani alikuambia uziache?"

Mama fundi alimtazama kama mtu anayetazama mzaha asioupenda. "Si wewe uliyesimama pale mbele?"

"Nilisema natumia. Sikusema mtu aache dawa."

"Ulivaa koti," alisema mama fundi.

Binti alikaa chini kwenye benchi. Mama fundi akaendelea, taratibu, bila hasira, na afadhali angegomba. "Mikono aliniambia mwili nao unataka kupumzishwa dawa. Mikono kanizalisha watoto watatu. Akiniambia vuta pumzi, navuta. Akiniambia sukuma, nasukuma. Sasa akiniambia pumzika, nibishe mimi nani?"

Walimlaza siku ile ile. Sukari ilishuka baada ya siku nne, ila kidole kimoja cha mguu hakikuokolewa, na macho yalibaki na ukungu. Mwanamke aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anaongea na mteja sasa alihitaji jirani amtungie.

Siku ile ya kumlaza, binti alifika nyumbani jua bado kali. Mama Mdogo alikuwa sakafuni, anabandika karatasi za majina kwenye makopo.

"Mama fundi amelazwa. Umemwambia aache dawa."

Mkono uliokuwa unabandika ulisimama. "Sikumwambia aache. Nilimwambia apumzike."

"Mama! Wewe ni mkunga. Unajua mtu wa kisukari hapumziki dawa. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua."

"Tumefundishwa kwenye semina..."

"Na nani? Na Almasi? Almasi amesomea nini?"

Mama Mdogo alinyanyuka kwa shida, akishika kiuno, akaketi juu ya boksi kwa kuwa makochi yote yalikuwa yamejaa.  Aliposema, ile sauti ya semina ilikuwa imekwisha.

"Nilirudi kituoni mwezi uliopita. Nilikwenda asubuhi, hukuniona, ulikuwa zamu ya mchana. Nikamwambia daktari mkuu nirudishe, hata kwa kufua mashuka. Akaniambia niandike barua kama mwombaji yeyote, nisubiri. Kwenye kitanda changu cha kuzalishia yupo mwingine. Amebadilisha hata mahali pa kuweka mikasi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mama yako mjinga?" Alipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Nina wanawake thelathini na mmoja chini yangu. Kila mmoja amenunua maboksi yake. Wote niliwazalisha mimi, au niliwazalishia binti zao. Nikisema leo nimeacha, kesho asubuhi watakuwa hapa mlangoni. Watasema nini? Na mimi nitasema nini? Nikienda mbele ni shimo, nikirudi nyuma ni watu."

Binti aliingia chumbani, akafunga mlango, lakini mlango haukufungika vizuri. Nyuma yake kulikuwa na makopo.

Alikata shauri. Jumamosi angesimama tena mbele, na safari hii angesema yote. Mama Mdogo hakumzuia. Alipiga pasi lile koti jeupe mwenyewe, kola na mikono, akalitundika mlangoni, na binti hakuelewa kama ile ilikuwa ruhusa au ni mazoea tu.

Ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Almasi alipomwita, binti alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Jirani yangu alikuwa anatumia unga huu, akaacha dawa za kisukari," alisema. "Nilimpima mimi. Karibu afe. Amekatwa kidole. Nawaomba, mtu mwenye kisukari au presha asiache dawa ya hospitali hata siku moja. Nendeni mkapime. Hili kopo halitibu kitu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kwa pumzi tatu binti alihisi kifua kimefunguka. Aliona wanawake wawili safu ya mbele wakitazamana. Kisha Almasi akaja taratibu, akitabasamu, akamwekea mkono begani, akachukua kipaza sauti kama mtu anayempokea mtoto mzigo.

"Mmesikia?" alisema. "Mmesikia huyu ni mtu wa aina gani? Kampuni gani nyingine inamsimamisha mtaalamu wake mbele yenu awaambie mkapime? Sisi hatuogopi vipimo! Tunasema kopo halitibu, ni kweli, kwa sababu si dawa, ni lishe! Pimeni, kunyweni dawa zenu, na kopo liwe juu yake! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Walisimama wakapiga. Wale wanawake wawili wa mbele walipiga kuliko wote. Binti alisimama katikati ya kelele ile akifungua mdomo na kuufunga, hakuna aliyemsikia, na mkono wa Almasi begani kwake ulikuwa mzito na wa joto.

Baadaye alimfuata nyuma ya jukwaa. "Nataka fomu ya kujitoa."

"Fomu ya kuingia tunayo," alisema Almasi, na hakusema kwa ubaya. "Ya kutoka sijawahi kuiona. Halafu wewe ni mguu wa kushoto wa Mikono. Mguu unajitoaje mwilini, dada yangu?"

Walirudi kwa miguu, Mama Mdogo mbele na mkoba wake, binti nyuma, koti amelikunja kwapani. Mbele ya duka la mama fundi, ambalo lilikuwa limefungwa, Mama Mdogo alisimama kupumzisha mgongo.

"Ulisema kweli," alisema bila kugeuka.

"Hawakusikia, Mama."

"Mimi nilisikia."

Binti alingoja. Alitaka lije neno la pili: basi tuache, basi kesho nitawaambia. Halikuja. Mama Mdogo alibadilisha mkoba kutoka bega moja kwenda jingine, wakaendelea kutembea. Jumatatu yalikuja makopo mapya, naye akayapokea mlangoni, akasaini.

Kilichobaki mikononi mwa binti kilikuwa kidogo. Aliomba kituoni kile kipimo kidogo cha sukari, cha kuchoma ncha ya kidole, akachukua daftari la Mama Mdogo lenye majina thelathini na moja. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba baada ya kazi, jina moja jioni moja. Alipima, akaeleza, akaomba aonyeshwe vidonge, akamfanya kila mmoja avihesabu mbele yake. Mwanamke mmoja alirudi kwenye dawa za presha siku ile ile. Mwingine alilia kidogo, kisha akambusu mkono. Mama fundi, aliyekuwa ameanza tena kushona, alimpokea vizuri, akamnywesha maji, ila hakumwita tena mwanangu kama zamani.

Mama Mdogo aliona daftari limetoweka mezani, na hakuuliza. Mwisho wa mwezi, wakila chakula cha usiku, ndipo aliposema, akikwepa macho yake, kwamba watu wanauliza makopo zaidi kuliko kawaida. Wanasema kampuni hii inajali. Inatuma mtu mpaka nyumbani.

Binti aliweka kijiko chini. Aliona kitu chote kwa mara moja, kama anavyoona picha ikikaa wazi chini ya hadubini: kila mlango alioubisha alikuwa analibishia pia lile kopo. Akiacha kupita, kuna wanawake kumi na mmoja daftarini ambao hajawapima, na mmoja wao huenda sasa hivi anapumzisha dawa. Akiendelea, anauza.

"Niache?" aliuliza.

"Usiniulize mimi," alisema Mama Mdogo, sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyekuingiza."

Kesho yake baada ya kazi alisimama mbele ya nyumba ya jina la ishirini na moja, kwenye ua wenye kamba za nguo. Alikuwa ameacha koti kazini makusudi, amevaa gauni la kawaida. Alibisha. Mwanamke mnene mwenye miwani alifungua, akamtazama, akaona kipimo mkononi, na uso wake ukachanua.

"Karibu, karibu! Wenzangu waliniambia utakuja." Kabla binti hajapata neno, mwanamke aligeukia uani, akapaza sauti, "Jamani, njooni! Daktari wa kopo amefika!"

Milango ikaanza kufunguka upande ule na huu. Wakaja, mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake, wakaketi kumzunguka, wakamngoja aanze.